Neno la Mtu wa Nje

Mimi sina uvumilivu na watu wanaosema manukato fulani yamewakumbusha machweo ya jua. Machweo hayana harufu. Ukiniambia marashi yananukia viti vya gari la marehemu babu yako, hapo tumeelewana, vuta kiti ukae. Kwa hiyo nilipoanzisha kikundi chetu cha wanaume wapenda manukato hapa Dartmouth, Kanada, niliweka sheria moja ambayo wenzangu wanainung'unikia hadi leo: anayejaribu marashi haruhusiwi kutoa maoni yake kabla hajaleta neno la mtu wa nje.

Mambo yanakwenda hivi. Mimi nachagua chupa, namimina kidogo kidogo kwenye vichupa visivyo na jina, nagawa. Kila mtu anavaa ya kwake mpaka tutakapokutana tena. Hajui nani kayatengeneza wala yameuzwaje. Tukikutana, kwanza anatuambia mtu mmoja asiye mwenzetu alisema nini alipoyanusa, mke, mpangaji, dereva wa basi, yeyote yule, na maneno yaletwe kama yalivyotoka mdomoni. Pua ya mpenda manukato hudanganywa na jina na bei. Pua ya mtu wa nje haina sababu ya kudanganya.

Tunakutana kwenye gereji yangu kwa sababu hatuna pengine. Huku kwetu na kule Halifax, ng'ambo ya bandari, kila mlango una bango: benki, kanisani, kwa daktari wa meno, kote wanakuomba usijipulizie kitu kabla ya kuingia. Wapo watu ambao vifua vyao vinabana kwa harufu, na ni haki yao kupumua. Sisi tumezoea kujificha uani kama wavuta sigara.

Vuli ile niliwagawia marashi niliyonunua Montreal miaka mingi nyuma, kabla waliokuwa wakiyatengeneza hawajafunga duka lao. Ni marashi ya kiume, mazito, yenye joto na utamu wa jikoni. Unapata molasi iliyoungulia kidogo ukingoni mwa sufuria, kisha tumbaku ya kiko, vanila, tone la ramu, na chini kabisa, baada ya saa kadhaa, mkate unaotoka kwenye oveni. Nilikuwa na chupa moja tu na nilikuwa mchoyo nayo.

Wendell, ambaye ni kinyozi na hawezi kukaa kimya, ndiye aliyeanza kutoa ripoti.

"Mke wangu kasema nanukia mtu aliyeiba keki akaenda kujificha kwenye zizi la farasi," alisema. "Halafu akanisogelea. Sasa sijui kanisifu au kanitukana."

"Kakusifu," nikamwambia. "Kwako wewe hiyo ni sifa."

"We Roddie, wivu utakumaliza. Wewe ukijipulizia hata paka wako anahama nyumba."

Tulicheka, kisha ikawa zamu ya Garth Corkum. Garth ni fundi wa lifti, mtu mkubwa wa mwili na mchache wa maneno. Ripoti zake huwa sentensi moja. Mara moja alituletea neno la mwanamke aliyekwama naye kwenye lifti, "nafuu," na hakuongeza kitu.

"Mtu wa nje wangu ni Baba," alisema.

Kicheko kiliisha hapo hapo, kwa sababu sote tulijua habari za mzee Elden. Alikuwa kwenye makao ya wazee mwaka wa pili. Kumbukumbu zake ziliondoka moja moja, hadi siku moja akamuuliza Garth kama yeye ndiye aliyekuja kutengeneza radieta ya kupasha chumba joto. Sasa alikuwa amefunga mdomo, hataki chakula. Wauguzi walibembeleza, Garth alikwenda kila siku akitoka kazini akakaa na kijiko mkononi, na mzee aligeuzia uso ukutani. Daktari alikwisha anza kuzungumza na Garth kwa ile sauti ya chini.

"Sikukusudia kumpelekea harufu," Garth alisema. "Nilijipulizia jana yake. Asubuhi nikajinusa, sisikii kitu, nikajua yameisha. Kumbe yamebaki kwenye sweta. Nilipoinama kumfunga kitambaa kifuani akafumbua macho. Akaniambia, 'Ambrose, leo umechelewa.' Halafu akafungua mdomo."

"Ambrose ndo nani?" Wendell aliuliza.

"Kaka yake. Alikufa mimi sijazaliwa. Bibi yangu alipofariki Baba alikuwa bado mtoto, Ambrose ndiye aliyemlea. Alikuwa anafanya kazi kwenye bekari kule Lunenburg, anavuta kiko, akirudi nyumbani ana mkate wa molasi ndani ya koti." Garth alitazama viganja vyake. "Alimaliza bakuli zima. Supu yote."

Mimi niliinuka, nikafungua kabati, nikampa Garth chupa nzima. Sijawahi kumpa mtu chupa nzima maishani, na iliniuma, lakini ingeniuma zaidi kuiona kabatini.

Wiki hiyo nilianza kufuatana naye. Mimi ni mjane, mchana wangu ni mrefu, na nilitaka kuona kwa macho yangu kitu ambacho watu wetu wote wa manukato wanakisema na hakuna aliyewahi kukishuhudia, kwamba harufu inaweza kumrudisha mtu. Basi niliona. Mzee Elden alikuwa amekaa kwenye kiti chenye magurudumu, mwembamba, nywele zimechanwa vizuri, sweta ya vifungo imemlegea mabegani. Garth alipoinama karibu, mzee alivuta hewa kwa pua, na uso ukamlainika.

"Umeleta?" aliuliza.

Garth alikuwa amejifunza kuoka mkate wa molasi. Ule wa kwanza nilioonja ungeweza kuzuia mlango usifungwe na upepo, lakini huu ulikuwa mzuri. Alikata kipande, akapaka siagi, akamlisha. Mzee alikula kwa furaha, macho yamefumbwa. Alipokuwa katikati ya kipande, Garth alishindwa kujizuia.

"Baba," alisema taratibu. "Ni mimi, Garth."

Mzee alifumbua macho. Alimtazama, kisha akatazama nyuma yake, mlangoni, kama mtu aliyeahidiwa mgeni na kuletewa mwingine. Mdomo ukafungwa. Garth alingoja, akajaribu kijiko, akajaribu mkate, wapi. Mwishowe alisogea karibu ili harufu ifike, akabadilisha sauti.

"Elden, ni mimi. Nimefika. Kula."

Mzee akala.

Tulipofika kwenye maegesho nilikuwa na hasira, sijui juu ya nani. "Mpaka lini utakuwa Ambrose?" nilimuuliza. "Na wewe je?"

"Mimi nimeshiba, Roddie. Yeye ndiye mwenye njaa."

"Usinipe majibu ya kanisani."

Alikaa kwenye usukani bila kuwasha gari. "Sawa," alisema. "Unataka ukweli? Nataka aniite jina langu. Mara moja. Basi, sitaki zaidi ya hapo. Nikiwa nayo hiyo, nitakuwa Ambrose mpaka siku tunayomzika. Lakini anakwenda hivi hivi, na mimi hanijui kabisa, inanikata. Nakuwa kama sikuwahi kuzaliwa."

Nilimwonea huruma, na nilimwonea huruma mzee pia.

Kosa lililofuata ni la sisi watu wa manukato, hakuna mwingine angeweza kulifanya. Marashi yenye vanila na tumbaku nyingi yanamlevya mvaaji pua. Ukiyavaa kila siku, wewe mwenyewe unaacha kuyasikia, ilhali watu wanakusikia toka upande wa pili wa barabara. Kila mmoja wetu anajua. Nimewahubiria wenzangu hadi wamechoka: usikimbizane na harufu, ukiona umeikosa, mwulize mtu. Garth naye anajua. Lakini aliogopa. Alikuwa anajinusa kwenye ngazi za makao, hasikii kitu, anafikiri mzee naye hatasikia, anafikiria bakuli litakalorudi jikoni limejaa, basi anaongeza. Kesho anaongeza tena. Nami niliyekuwa nakaa naye garini kila siku nilikuwa nimelevywa vile vile.

Siku moja bibi wa chumba cha jirani alibanwa kifua hadi wakamwekea oksijeni. Alipona, namshukuru Mungu, lakini siku iliyofuata tulimkuta Marivic, nesi mkuu wa ile ghorofa, amesimama mlangoni anatungoja. Marivic ni mwanamke mfupi ambaye kila mzee pale ndani anamwogopa na kumpenda.

"Garth, bango umeliona?" alisema. "Liko hapo tangu wewe hujaanza kuja hapa. Mimi nilisikia kidogo nikanyamaza, kwa sababu baba yako alikuwa anakula. Lakini jana ulikuja na duka zima, kaka yangu. Bibi wa watu alikuwa anageuka bluu."

"Sikusikia," Garth alisema. "Kweli, mimi sisikii kitu."

"Najua husikii. Sisi tulisikia mpaka kwenye lifti. Huwezi kuingia nayo tena, hata tone."

Garth alikwenda nyumbani, akaoga, akafua sweta na koti, akabadilisha hata viatu. Aliingia kesho yake akiwa ananukia sabuni ya kipande. Mzee Elden aligeuza uso ukutani. Alifanya hivyo siku ile, na iliyofuata, na nyingine. Supu ilirudi jikoni. Mkate wa molasi ulikaa mezani hadi ukakauka. Kila nilipomwona Garth alikuwa amezeeka kidogo.

Marivic ndiye aliyekuja tena kutufuata, safari hii kwenye maegesho, akiwa amevaa koti juu ya sare yake, anatetemeka.

"Sikilizeni," alisema. "Bango linasema ndani ya jengo. Baraza ya nyuma si ndani ya jengo. Mimi nikimfunika Mzee Elden vizuri, nikamtoa akapunge hewa, anayemkuta huko nje amevaa nini, hayo si ya kwangu. Ila usije ukapita nayo humu ndani. Zungukia nje."

"Marivic," Garth alianza.

"Usinishukuru, nina baridi. Na kingine. Huyu mzee akila, ule mkate haumalizi. Kile kipande cha mwisho chenye ganda gumu anakificha kwenye mfuko wa sweta. Kila nikifua natoa makombo. Mwambieni aache."

"Meno yake hayawezi ganda," Garth alisema. "Ataona aibu kulitema."

Sasa ikawa zamu yangu kusaidia. Baridi inaua harufu. Jipulizie nje mwezi wa Novemba na upepo ule wa bandarini, na hakuna atakayejua. Ila sufu inatunza. Nilichukua skafu yangu ya sufu, nikaipulizia mara moja tu, nikaifunga ndani ya mfuko wa nailoni ikae hadi kesho yake. Nikamwambia Garth aivae kifuani, chini ya koti, atembee nayo barabarani hadi mwili uipashe moto, na afungue vifungo vya koti akishafika mbele ya mzee.

"Na usijinuse," nikamwambia. "Nitanusa mimi."

"Wewe umelevywa."

"Nimekaa bila marashi, nanusa kahawa na vitunguu tangu juzi, pua imerudi. Nitanusa mimi."

Tulizunguka nyuma ya jengo. Barazani palikuwa na benchi, na mzee Elden alikuwa pale kwenye kiti chake, amefunikwa blanketi mbili na kofia ya sufu, macho yake yako kwenye mti mtupu wa uani. Marivic alisimama ndani, nyuma ya mlango wa kioo, akijifanya anapanga viti. Garth aliketi kwenye benchi, akafungua koti. Mimi nilikuwa nimesimama hatua chache pembeni na harufu ilinifikia: molasi, tumbaku, na ule mkate wa mwisho. Ilikuwa sawasawa.

Mzee alivuta hewa. Ilichukua muda. Nilianza kuomba, mimi nisiye mtu wa kuomba.

"Ulikuwa wapi?" alisema. "Nimekaa na njaa siku zote hizi, Ambrose."

"Kazi ilinibana, Elden. Nisamehe."

"Umeleta?"

Garth aliufungua mkate uliokuwa bado na joto ndani ya taulo. Mzee alikula kipande cha kwanza, akala cha pili, akanywa chai kwenye kikombe chenye mfuniko. Rangi ilimrudi. Kisha alinyoosha mkono mwenyewe, akachukua kile kipande cha mwisho wa mkate, chenye ganda pande zote, akakifunga kwenye kitambaa cha karatasi. Vidole vyake vilikuwa vinasumbuka kukitia kwenye mfuko wa sweta.

"Hiki hukili?" Garth aliuliza. "Kigumu, eeh?"

"Siyo kigumu. Namwekea mtoto."

Nilimwona Garth anaacha kukunja taulo. "Mtoto yupi, Elden?"

"Mwanangu. Garth. Humjui wewe?" Mzee alimtazama kwa mshangao kidogo. "Ana pua, yule. Anajua mkate umeiva kabla mama yake hajafungua oveni. Halafu anakimbilia ganda. Ukimnyima ganda anakununia siku nzima."

"Yuko wapi sasa?"

"Haji," mzee alisema. Alisema bila lawama, kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Ana kazi nyingi. Akija atalikuta."

Upepo ulipita, mzee akapandisha blanketi. Mimi nilitaka kuondoka nisione, na sikuondoka.

"Nipe mimi nimpelekee," Garth alisema hatimaye.

"Wewe?" Mzee alicheka, kicheko chenye kikohozi. "Utalila njiani. Nakujua. Nitampa mwenyewe."

Hapo Garth alifanya jambo ambalo mimi nisingethubutu. Alivua ile skafu, akaikunja, akaja kuniwekea mikononi. Macho yake yalikuwa yamejaa. Akafunga koti hadi shingoni. Alikaa kidogo karibu nami, kwenye upepo, mpaka harufu yote iliyokuwa mwilini mwake ikapeperuka, kisha akarudi barazani, akapiga magoti mbele ya kiti, uso wake chini ya uso wa baba yake.

"Baba," alisema. "Nimekuja. Ni mimi, Garth."

Mzee Elden alimtazama. Alimtazama kwa adabu, jinsi unavyomtazama mtu wa watu aliyekosea nyumba. Macho yalitembea usoni mwa Garth, kwenye paji, kwenye nywele zilizoanza kuwa na mvi, yakarudi. Garth alinyoosha kiganja, taratibu, kama alivyofanya bila shaka akiwa mtoto mbele ya ile oveni.

Mzee aliweka mkono juu ya mfuko wa sweta na kuufunika.

"Hapana, bwana," alisema kwa upole. "Samahani. Hiki ni cha mwanangu."

Garth alibaki amepiga magoti. Nilifikiri atavunjika, na nilikuwa tayari kumkimbilia. Badala yake aliinamisha kichwa, akakigusisha na ule mkono uliofunika mfuko, na mzee, kwa kuwa alikuwa mtu wa huruma toka zamani, akampigapiga begani yule mgeni kwa mkono wa pili.

"Ni sawa, mzee," Garth alisema. "Mtunzie. Atakuja."

Marivic alitoka kuja kumrudisha ndani. Alipokuwa anasukuma kiti nilimsikia mzee akimwambia asiguse mfuko wake, na Marivic, ambaye nadhani alikuwa amesikia yote mlangoni, akamwambia hatagusa tena.

Mzee Elden alifariki kabla ya Krismasi, ameshiba. Mpaka mwisho Garth alikwenda barazani na skafu kifuani, akawa Ambrose, akamlisha, na kila siku ganda liliingia mfukoni. Hakuliomba tena.

Tulipokutana gerejini mwezi wa Januari nilikuwa nimekwisha amua kumwacha apumzike. Nilileta marashi mengine, ya ndimu na chumvi, kitu chepesi. Garth alikuja akiwa na ile chupa ya Montreal, imebaki kidogo chini, akaiweka mezani mbele yangu.

"Mimi sijatoa ripoti ya haya," alisema.

"Ulishatoa," nikamwambia. "Ulituambia habari za supu."

"Ile ilikuwa ya kwanza. Nina neno jingine la mtu wa nje, na sheria ni yako."

Wendell alikaa vizuri kwenye kiti chake. "Haya, ndugu yangu," alisema kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo. "Kasema nini?"

Garth alituangalia mmoja mmoja. "Kasema, 'Hiki ni cha mwanangu.'"

Kisha aliingiza mkono kwenye koti, akatoa kitambaa cha karatasi, akakifungua juu ya meza yangu kati ya vichupa. Marivic alikuwa amemkabidhi sweta bila kuifua. Ganda lilikuwa limekauka kabisa. Garth alilivunja kipande, akakitia mdomoni, na tulikaa naye akakitafuna hadi kikaisha.